Vidole vya Nyumba Moja

Matangazo yalipopotea kwenye simu ya Bibi, nyumba nzima ilijua. Bibi alikuwa ameshakula, ameshanawa, miwani ameshaivaa, na sasa aliipekua ile simu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Habari anazoandika mwanawe anaziona, alisema. Za maji kukatika zipo, za msiba wa mwalimu mkuu mstaafu zipo. Lakini yale mapicha ya pembeni, ya magodoro na dawa na mikopo, hayapo hata moja. Sasa yeye leo abonyeze nini?

"Labda nayo yamekatika kama maji," alisema mkwewe, akikusanya sahani.

Mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Mama Kitana. Alikuwa msusi. Saluni yake ndiyo chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, na kitana hakikumtoka kichwani hata alipokwenda kwenye harusi za watu. Mumewe aliitwa Mhariri, jina kubwa kuliko kazi yenyewe, maana gazeti lake halikuwa na karatasi wala ofisi. Lilikuwa tovuti ya habari za mtaa, ambayo aliiandika peke yake kwenye meza iliyobanana na jokofu. Nani amefariki, maji yatarudi lini, shule ipi inatafuta mpishi: watu walisoma bure. Kampuni moja ya mbali ilipachika matangazo pembeni mwa habari hizo, na kila msomaji alipobonyeza tangazo, Mhariri alidondoshewa kitu. Nywele zililisha nyumba, matangazo yalilipa kodi.

Ule utaratibu wa kubonyeza ulikuwa wa Mama Kitana mwenyewe. Siku alipoelewa kwamba kidole kinaweza kumletea mumewe chochote, aliuliza vidole vya nyumba hii vina kazi gani nyingine. Tangu hapo, baada ya chakula cha jioni, hakuna aliyeinuka kabla ya kufungua tovuti na kubonyeza matangazo yote, moja baada ya jingine. Jambo hilo waliliita kumsukuma Baba. Saluni nako, mteja aliyekaa chini ya draya alipewa kazi hiyo hiyo, na aliyebonyeza kwa moyo alipakwa mafuta ya nywele bure. Mhariri aliwahi kuuliza, kwa sauti ya chini, kama jambo hili ni sawa. Mkewe alimjibu kwamba mkulima haombi ruhusa kupalilia shamba lake. Yakaisha.

"Hayajakatika," alisema binti yao kutoka mlangoni. "Nimeyazuia mimi."

Binti alikuwa fundi simu, na Fundi ndilo jina walilomwita hata nyumbani. Meza yake ilikuwa kibarazani, mbele ya saluni ya mama yake. Aliingia, akatoa mfukoni kichupa cha vidonge, akakiweka mezani katikati ya vyombo. Bibi akageukia dirisha.

Kumbe katika kubonyeza kwake kila jioni, Bibi alikuwa amefika kwenye tangazo la dawa inayomaliza presha isirudi tena. Tangazo likamwuliza namba yake ya simu, akaandika. Likamwuliza anakaa wapi, akaandika. Bibi alikuwa mtu wa watu, hakumnyima mtu jibu. Kichupa kikaletwa hadi mlangoni. Pesa aliyopewa ya kununulia kitambaa ikaenda hapo, na vidonge vya kliniki akaviweka kando, maana huwezi kula dawa mbili za ugonjwa mmoja. Alipoanguka bafuni wiki iliyopita, wote walilaumu sabuni.

"Mke mwenzangu, si tulikubaliana hutasema?" Bibi alimnong'oneza mjukuu wake. Ulikuwa utani wao wa siku zote, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Kitana alinyoosha mkono kukichukua kichupa. Kabla hajakifikia, mumewe alikuwa amesimama.

Mhariri hakuwa mtu wa kusimama. Lakini asubuhi ile kampuni ya matangazo ilikuwa imemfungia malipo. Ilisema tu kwamba kurasa zake zina mienendo isiyo ya kawaida, basi, haikufafanua. Alikwenda kwa Katibu wa chama cha wenye tovuti kumwuliza maana yake. Katibu akamwambia maana ni moja: watu wanaweka programu za kuzuia matangazo, wanasoma bure na hawataki hata kuona kinachomlisha mwandishi. Kuna muswada wa kuwakomesha. Siku nzima Mhariri alikuwa anamtafuta adui huyo akilini, na sasa amempata amesimama karibu na kabati la vyombo.

"Kumbe mwizi ninayemtafuta nje nakula naye sahani moja," alisema.

Fundi alijibu kwamba hajaiba kitu cha mtu. Akaulizwa, je, anawawekea na wateja? Akasema ndiyo, anawawekea, wanakuja na simu zilizojaa uchafu, ukigusa habari unatupwa kwenye kamari. Na anawatoza? Anawatoza, si ndiyo kazi yake.

"Kwa hiyo unalipwa kumnyima baba yako."

"Baba, ningefanyaje? Ningemwacha Bibi?"

Mhariri alikitazama kichupa, akamtazama mama yake. Akatoka nje kwenda kuangalia kama maji yamerudi, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba hayarudi hadi kesho.

*

Katibu alikuja saluni mwenyewe. Alivaa suti, akapewa kiti cha wateja kwa sababu hapakuwa na kingine, akawa anazungumza huku anajiona kwenye kioo. Kamati inayokusanya maoni kuhusu muswada ingekaa Jumamosi ukumbini. Wenye tovuti wakilia, alisema, wataambiwa wanalilia matumbo yao. Anahitajika mama wa kawaida, mkweli, asiye na simile. Mama ambaye wote wanamjua.

Mama Kitana aliuliza sheria yenyewe inasemaje. Katibu akaeleza kwamba atakayezuia matangazo, au atakayemwekea mwenzake kizuizi kwa malipo, atatozwa faini, na akishindwa atafungwa.

"Na anayemwekea bibi yake?"

"Sheria haina bibi," alisema Katibu.

Alipoondoka, wateja hawakungoja hata avuke kizingiti. Kichwa alichokuwa anakisuka Mama Kitana siku hiyo kilikuwa cha mwalimu wa chekechea, naye alisema tangazo ni kama mtu anayebisha hodi. Kubisha ni haki yake, lakini na mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Mama Kitana akaona ni kweli. Aliyekuwa chini ya draya akapaza sauti, maana chini ya draya kila mtu hupaza sauti, akasema huyo si mbisha hodi. Wewe ndiye uliyeingia kwake, umeketi, umesoma habari zake, sasa unamwambia afunike bidhaa zake zinakuumiza macho. Mama Kitana akaona nayo ni kweli. Alianza kumwonea wivu mtu mwenye jibu moja.

Mwenye nyumba naye alikuwemo. Alikuwa amekuja kusukwa bure, kama alivyokuwa akifanya kodi inapochelewa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba gharama ya nywele hizo ipunguzwe kwenye deni. Alikuwa akijikagua kucha.

"Mimi sheria siijui," alisema, taratibu, kila mtu asikie. "Ninachojua, Mhariri akizuiwa huko, nami nazuiwa huku. Na mimi nikizuiwa, naweka watu wengine."

Mama Kitana aliendelea kusuka. Alivuta msuko mmoja kwa nguvu kidogo kuliko ilivyotakiwa, na mwalimu wa chekechea, ambaye hakuwa na kosa lolote, akasema aa.

Jioni alimfuata binti yake kibarazani. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mkononi, akasema bila kuinua macho kwamba amesikia kila kitu, ukuta wenyewe ni wa mbao.

"Utasimama mbele ya watu useme nifungwe, mama?"

"Nitasimama niseme baba yako ale."

"Na Bibi?"

"Bibi nitamchunga mwenyewe."

"Kama ulivyokuwa unamchunga?"

Hilo lilikuwa la kofi. Mama Kitana aliinua mkono, akauona uko juu, akaurudisha kichwani kukitafuta kitana, kana kwamba ndicho alichokuwa anakitaka. Alimwambia Fundi aache kuwawekea watu vizuizi mpaka Jumamosi ipite, walau hilo tu. Fundi akasema sawa. Kisha akasema kwamba kizuizi kwenye simu ya Bibi hakiondoi, hata waje na pingu.

*

Ukumbi ulijaa kuliko walivyotarajia. Wajumbe wa kamati walikaa jukwaani nyuma ya chupa za maji, na kipaza sauti kilikuwa katikati, kwenye mguu mmoja, kama mtu aliyesimamishwa shuleni kwa adhabu. Mhariri na Katibu walikaa mbele. Fundi alikuja na Bibi, akamkalisha karibu na mlango.

Walioanza waliongea maneno mazito. Mmoja alisema uhuru, mwingine alisema uchumi. Mwanamume mmoja alisema matangazo yanamjua kuliko mkewe; ameumwa mgongo Jumatatu, Jumanne simu inamuuzia mafuta ya mgongo. Watu wakacheka, lakini Mwenyekiti wa kamati hakuandika kitu.

Mama Kitana alipoitwa, alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Alikuwa amejipanga usiku kucha. Alisema mumewe anaandika habari ambazo wote ukumbini humu wanazisoma, na hakuna aliyewahi kumlipa. Aliuliza nani hapa alijua maji yamekatika bila kusoma kwa Mhariri. Hakuna mkono. Aliuliza nani aliyewahi kumwambia ahsante. Hakuna mkono. Kwa sauti yake ya saluni, ambayo haikuhitaji kipaza sauti, alisema kwamba mtu anayekula asilipe ana jina lake, na jina hilo wanalijua.

Ukumbi ukamkubali. Aliuona unamkubali, Katibu alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, na mumewe alimtazama kama siku za uchumba. Laiti angeketi hapo. Lakini alimwona Fundi mlangoni, kamkumbatia Bibi mabega, na akataka binti yake aelewe kwamba hakuja kumshtaki mtu, amekuja kueleza tu jinsi watu waaminifu wanavyoishi.

"Sisi kwetu hatuzuii," alisema. "Sisi kwetu tunabonyeza. Kila jioni, tukishakula, nyumba nzima, tangazo hadi tangazo, haliachwi hata moja. Mpaka mama mkwe wangu na uzee wake anabonyeza. Wateja wangu wanabonyeza. Kila mtu angefanya hivyo, tusingehitaji sheria."

Alitegemea makofi. Badala yake mwanamume mmoja aliinuka safu ya katikati, mtu wa makamo, mnene, amebeba kofia mkononi kama aliyekuja kutoa pole.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Mama, unasema mnabonyeza yote? Na la magodoro?"

"La magodoro ndilo la kwanza."

Yule bwana akajitambulisha. Yeye ndiye mwenye magodoro. Kila tangazo lake linapobonyezwa, alisema, analipa yeye, pesa yake taslimu, ndiyo hiyo inayogawanywa mpaka imfikie mwenye tovuti. Kwa miezi mingi ameona mtaa wa mama huyu unambonyezea kuliko mitaa yote. Akajua watu wa kule hawalali. Akakopa, akaagiza lori zima la magodoro.

"Hakuja mtu," alisema. "Hata wa kuja kuyaminya tu na kuondoka, hakuja. Ndipo nilipoilalamikia ile kampuni. Nikawaambia kule kuna kitu si cha kawaida."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji ya mfereji. Mama Kitana hakusikia vizuri kilichofuata. Alimwona Katibu akigeukia upande mwingine, kama mtu asiyewajua walioketi karibu naye. Alimwona mumewe amefumba macho. Mienendo isiyo ya kawaida. Siku zote hizo waliitafuta kwenye meza ya Fundi, kumbe ilikuwa kwenye meza ya chakula.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti ya saluni ilikuwa imemwacha. "Naomba kuuliza. Asiyebonyeza mnasema ni mwizi. Anayebonyeza naye ni mwizi. Sasa mtu afanye nini na kidole chake?"

Mwenyekiti alimtazama mjumbe wa kulia, mjumbe wa kulia akamtazama wa kushoto. Mwanasheria wa kamati alieleza kwamba anayekusudiwa ni mtu anayebonyeza kwa sababu amependa. Bibi, kutoka mlangoni, akasema yeye la dawa alilipenda sana, na lilikaribia kumwua.

Mwenyekiti akagonga meza, akasema muda umekwisha, mama aseme tu kwa kumbukumbu: anaunga mkono muswada au anapinga?

Mama Kitana alimtazama mumewe, kisha akautazama mlango. Alitafuta moyoni mwake neno la kusimamia, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi, na kila alipogusa palikuwa ukuta.

"Andikeni kwamba nilikuja," alisema.

*

Njia nzima Mhariri alitangulia hatua chache. Walipofika kwenye kona ya kwao alisimama akamngoja, na mkewe akajiandaa kwa lolote.

"Ulinisukuma kweli," alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Jioni walikula. Walipomaliza, hakuna aliyeinuka, kwa mazoea tu, na hakuna aliyegusa simu. Bibi alivaa miwani, akaivua. Mbele yake palikuwa na vidonge vya kliniki na kikombe cha maji, na Fundi alikaa akimtazama mpaka alipomeza, kisha akamwambia afungue mdomo aone. Bibi akasema mke mwenza wa siku hizi ni mkali kuliko askari. Mhariri akakohoa, ikawa karibu na kucheka.

Kesho yake aliandika yote. Hakuficha kitu ila majina: nyumba moja, vidole vyake, lori la magodoro, bibi na kichupa. Hakuna habari aliyowahi kuandika iliyosomwa kama ile. Watu walitumiana mpaka ikarudi kwa Mama Kitana kutoka kwa mteja mgeni asiyejua kwamba nyumba hiyo ndiyo aliyokaa akisukwa. Pembeni mwa habari hapakuwa na tangazo hata moja. Ilisomwa kuliko zote, na haikumletea chochote. Mwenye nyumba pia aliisoma, akaja, akasema ameingiwa na huruma, kwa hiyo anawapa mpaka mwisho wa mwezi.

Kisha akaja mwenye magodoro. Mama Kitana alidhani amekuja kudai, akaanza kuhesabu kichwani ni kipi cha kuuza, draya au kioo. Bwana yule hakudai. Alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa, picha ya godoro la maua na bei yake kwa tarakimu nyekundu. Kwa kuwa wanawake wa mtaa mzima hukaa humu saa nzima wakitazama ukuta, alisema, aibandike hapa, na kila mwezi atalipa kidogo. Kidogo chenyewe hakikutosha kodi. Lakini hakikuwa na kubonyeza ndani yake. Mama Kitana akakubali kabla hajafikiri, akapanda kiti, akaibandika mwenyewe kando ya kioo.

Alipoteremka aliona, kupitia mlangoni, mumewe amesimama mbele ya meza ya Fundi kama mteja mwingine yeyote. Alikuwa ameweka simu yake juu ya meza.

"Siwezi kusoma habari za wenzangu," alikuwa anasema. "Nikifungua tu, napigwa na kamari. Nikifunga, nafunguliwa mkopo."

Fundi aliichukua simu, akaigeuza, akaipangusa kioo kwa upindo wa blauzi yake. Hakutabasamu.

"Nikuwekee kizuizi, baba?"

Mhariri alishika kiuno. Alitazama barabarani, akatazama paa.

"Ngoja kwanza," alisema. Akaingia ndani, na simu akaiacha pale pale mezani.

Mama Kitana alirudi kwenye kazi. Mteja wa mwisho alikuwa ametoka na taulo lilikuwa limelowa. Msumari wa taulo ulikuwa kando ya kioo, pale pale siku zote, naye alilining'iniza bila kutazama, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka. Aliposogea nyuma aliona amelifunika godoro lote.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha wateja, anasubiri kuchanwa. Alitazama taulo kando ya kioo, akamtazama mkwewe.

"Na hilo, mwanangu," aliuliza, "si ndiyo kuzuia?"

Mama Kitana alisimama pale na kitana mkononi. Bwana wa magodoro alikuwa amelipa mwezi wa kwanza. Taulo nalo lilihitaji kukauka, na msumari ulikuwa mmoja. Alilitoa. Akalirudisha. Mwishowe alilisogeza upande, likaning'inia nusu ukutani na nusu juu ya karatasi, maua ya godoro yakaonekana, na ncha iliyolowa ikabaki imefunika bei.